Mifuo ya Tumboni, Mifuo ya Mgongoni

Bomba la bunduki lina jina la zamani katika Kiswahili: kasiba. Asili yake ni Kiarabu, lugha ambamo neno hilo hutaja mwanzi, na mtu akichungulia bomba hilo anaona mara moja kwa nini. Siku hizi wengi husema mtutu kwa bomba zima. Mimi mtutu ningeuachia mdomo unaotoa risasi, kasiba ikabaki mwili mzima.

Naihitaji tofauti hiyo kwa sababu ya kazi ambayo wapenzi wa silaha Marekani huifanya hata nyumbani: kuchonga mistari mirefu ya kubonyea kwenye uso wa nje wa kasiba ya raifo. Chuma kinapungua, bunduki inakuwa nyepesi, na uso mpana zaidi huachia joto haraka. Mwindaji anayetembea kutwa katika Pori la Akiba la Maswa ataiona faida hiyo begani. Neno la kuitaja tunalo: mfuo.

Shida ni kwamba raifo ina mifuo mingine ndani, inayojinyonga kuizunguka njia ya risasi. Elekeza kasiba tupu kwenye mwanga wa dirisha, utaiona, na kati ya mfuo na mfuo pameinuka kama matuta ya shamba la pamba Bariadi. Ndiyo inayoizungusha risasi isiyumbe hewani. Gobore halina mifuo hiyo. Kasiba yake ni laini ndani, baruti na vipande vya chuma hushindiliwa kwa mdeki kupitia mtutuni, na shabaha yake hufa mapema. Kwa hiyo nasema mifuo ya tumboni na mifuo ya mgongoni. Tumbo na mgongo havihitaji maelezo kwa Mswahili yeyote.

Neno ninalolikataa kabisa ni kuimarisha. Wauzaji hudai kasiba yenye mifuo mgongoni ni imara zaidi. Ni kweli ukiilinganisha na kasiba nyembamba yenye uzito uleule. Lakini ukiichonga kasiba uliyonayo, umepunguza chuma, na ugumu wake umepungua pia. Istilahi ikisema kuimarisha, itamdanganya fundi kabla hajashika tupa. Tuseme kutia mifuo, basi.

Fundi wa Bariadi anayechomelea plau ana jiriwa na grenda, na mkono wake unaijua kazi ya chuma. Hata hivyo, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza silaha bila leseni. Chuma chenyewe nacho hakisamehe: ukikichonga kina kisicho sawa, kasiba inaweza kupinda ikipata moto. Na chemba, pale risasi inapokaa na shindo la baruti kuwa kali kuliko kote, mfuo wa mgongoni haupaswi kuifikia.