Gongfu: Chai, Ngumi na Thamani ya Muda

Neno la Kichina gongfu limeenea ulimwenguni kwa maana finyu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Kwa watu wengi walio nje ya Uchina, hasa tangu sinema za miaka ya 1970, neno hilo ni jina la sanaa ya kupigana kwa mikono na miguu. Kwa Wachina wenyewe maana yake ya asili ni kazi iliyotiwa katika jambo, muda uliotumika, na umahiri unaopatikana kwa muda huo. Mpishi aweza kuwa na gongfu. Mwandishi wa hati nzuri kadhalika. Wala si ajabu kwamba watu wa Chaozhou, katika jimbo la Guangdong, na majirani zao wa Fujian, huuita utaratibu wao wa kutengeneza chai gongfu cha, yaani chai ya gongfu. Sanaa hizi mbili, ya buli na ya ngumi, zimelelewa na fikira moja: kwamba iko elimu isiyonunuliwa ila kwa muda.

Utaratibu wa chai haukuzaliwa siku moja. Katika karne ya 8, zama za nasaba ya Tang, Lu Yu aliandika kitabu kiitwacho Chajing, akaeleza daraja tatu za kuchemka kwa maji. Katika daraja ya kwanza mapovu ni mfano wa macho ya samaki, na hapo hutiwa chumvi kidogo. Katika ya pili hupanda pembeni kama shanga katika uzi. Hapo huchotwa upawa wa maji ukawekwa kando, kisha chai hutiwa. Katika ya tatu maji huumuka kama mawimbi, na yale ya kando hurudishwa ili yayatulize. Zama za Song (960–1279) chai ilisagwa ikawa unga, ikapigwa kwa ufagio mdogo wa mwanzi ndani ya bakuli. Mwaka 1391 mfalme Zhu Yuanzhang, mwanzilishi wa nasaba ya Ming, aliondoa kodi ya chai iliyoshindiliwa kama mkate, akataka majani makavu yasiyoshindiliwa. Amri hiyo iliipa nguvu desturi ya kumimina maji moto juu ya majani, na wafinyanzi wa Yixing wakapata sifa kwa mabuli yao madogo ya udongo.

Mwaka 1786 mshairi Yuan Mei alizuru milima ya Wuyi, Fujian. Zamani hakuipenda chai ya huko kwa ukali wake. Alikuta mabuli madogo na vikombe vidogo kama kokwa, akajifunza kunusa kwanza, kisha kunywa kwa funda ndogo ndogo; ndipo akabadili rai yake. Huko Chaozhou mwandaaji huzungusha buli juu ya vikombe vilivyopangwa karibu karibu, ili vyote vipate chai ya nguvu sawa, kisha hugawa matone ya mwisho kimoja kimoja. Kitendo cha kwanza huitwa Guan Gong akizunguka mji, na cha pili Han Xin akihesabu askari. Majina yote mawili ni ya majemadari wa kale.

Kuhusu sanaa ya kupigana, hekaya hupenda mwanzilishi mmoja. Ilisimuliwa kwa muda mrefu kwamba mtawa Bodhidharma, aliyetoka Bara Hindi, ndiye aliyewafundisha watawa wa Shaolin, katika jimbo la Henan. Mwanahistoria Tang Hao, katika kitabu alichokitoa mwaka 1930, alionyesha kwamba habari hiyo haina ushahidi wa kale. Ushahidi uliopo ni wa mikono mingi. Jemadari Qi Jiguang, katika kitabu cha mafunzo ya jeshi cha karne ya 16, alikusanya mikao 32 kutoka njia mbalimbali za ngumi. Akakiri kwamba ngumi hazina faida kubwa vitani, bali huzoesha viungo, nazo ni mlango wa kumwingiza mwanafunzi. Baadaye ukoo wa Chen, wa kijiji cha Chenjiagou, Henan, ulilea njia iliyokuja kuitwa taijiquan, ukarithishana wenyewe kwa wenyewe.

Kikombe na ngumi vilikutana mwanafunzi alipopokewa. Kijana aliyetaka kuingia katika njia ya mwalimu alipiga magoti, akamtolea chai kwa mikono miwili, na mwalimu alipokunywa ahadi ilifungwa. Tangu hapo mwalimu aliitwa shifu, neno lenye baba ndani yake, na wanafunzi waliotangulia wakawa kaka zake. Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huko kuinama kulikuwa kwa mwili hasa. Ahadi ilimfunga mwanafunzi kutumika, na mwalimu kufundisha.

Hata hivyo mlango uliofungwa hulinda mali, na huweza pia kuizika. Siri aliyopewa mtu mmoja hufa naye, na wageni na wanawake aghalabu waliachwa nje. Yang Luchan (1799–1872) hakuwa wa ukoo wa Chen, lakini Chen Changxing alimkubali, naye akaipeleka elimu hiyo Beijing. Lau angalifukuzwa, huenda taijiquan ingalibaki jambo la kijiji kimoja. Mwaka 1910 chama cha Jingwu kilianzishwa Shanghai kufundisha hadharani, na wanawake nao wakapata nafasi. Mwaka 1928 serikali ilianzisha Nanjing taasisi kuu ya sanaa za kupigana. Mwaka 1956 ikatolewa taijiquan fupi ya mikao 24 kwa ajili ya umma.

Adaiye kwamba kufunguliwa huko kuliua gongfu huchanganya siri na muda. Siri iliweza kuondolewa bila hasara kubwa, muda haukuweza. Mikao 24 hukaririwa kwa majuma machache, lakini kuijua miguu inayoibeba ni kazi ya miaka, kama vile kipimo cha majani kinavyoandikika katika mstari mmoja, na mkono unaojua wakati wa kumimina usiandikike. UNESCO iliorodhesha taijiquan kuwa urithi wa binadamu mwaka 2020, na ufundi wa chai wa Uchina mwaka 2022. Orodha hizo ni heshima stahiki. Lakini urithi wenyewe utadumu maadamu yuko mwalimu aliye tayari kutoa miaka yake, na mwanafunzi aliye tayari kutoa yake.