Kutambua Ndege Afrika Mashariki: Bunduki, Darubini na Sikio

Katika karne ya 19, ndege wa Afrika Mashariki walitambuliwa wakiwa wamekufa. Wasafiri kama Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani, waliwapiga risasi, wakawachuna na kupeleka ngozi zao Ulaya. Huko Berlin, Anton Reichenow alizilinganisha mezani na kuzipa majina. Rangi na vipimo vilijulikana kwa uhakika, lakini ngozi hailii wala hairuki.

Mwaka 1909 wapenda viumbe wa Nairobi walianzisha chama chao, na pole pole darubini ikachukua nafasi ya bunduki. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1963, John G. Williams wa makumbusho ya Nairobi alipotoa kitabu cha mwongozo kinachobebeka mfukoni. Tangu hapo mtu yeyote mwenye darubini na subira aliweza kuonja furaha ya kumwona ndege porini na kumtaja kwa jina. Ndege wengi, hata hivyo, hawakuchorwa humo, na msomaji alishawishika kumlazimisha ndege aliyemwona afanane na picha iliyopo. Kishawishi hicho hakijaisha hata leo.

Mitego mingine ni ya ndege wenyewe. Dume la kweche mwekundu hugeuka kahawia kama jike msimu wa kuzaliana unapopita. Tai mchanga huchukua miaka kadhaa kufikia rangi za utu uzima. Kando ya Ziwa Naivasha, kasuku wadogo wa Fischer, ambao kwao ni kaskazini mwa Tanzania, waliletwa na watu wakazaana na jamaa zao wenye ukosi wa njano. Watoto wao hawalingani sawasawa na picha ya upande wowote.

Lakini hakuna mtihani unaoshinda sistikola, ndege wadogo wa majanini, kahawia wenye michirizi, wanaofanana mno. Hubert Lynes, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alizunguka Afrika akiwachunguza, na mwaka 1930 alichapisha uchambuzi mkubwa wa kundi hilo zima. Aliyapa uzito mazingira, mwenendo na hasa sauti, na hapo ndipo alipowapita watu wa ngozi. Anayetegemea macho peke yake kwa sistikola hukisia tu. Anayesimama kimya mpaka dume lipande juu ya unyasi na kuimba huwa na ushahidi mkononi.

Bonde la Kilombero, Tanzania, laonyesha jinsi kundi hili lilivyo gumu. Katika miaka ya 1980 watazamaji waligundua kwenye mabwawa yake sistikola wawili wasiolingana na yeyote aliyejulikana. Walitajwa vitabuni kwa miongo mitatu bila jina rasmi la kisayansi, hadi mwaka 2021 walipoelezwa kuwa spishi mbili mpya: Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni.