Fumo Liyongo wa Utenzi na Fumo Liyongo wa Historia

Katika shule za mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Makadara na Buruburu, Fumo Liyongo hufundishwa chini ya kichwa cha mighani. Huwekwa bega kwa bega na Lwanda Magere wa Waluo: mmoja aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, mwingine kwa mkuki uliochoma kivuli chake. Ulinganishaji huu una manufaa kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Hata hivyo, una hasara yake, kwani mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba, maadamu sindano ile ni ya kubuniwa, basi na aliyechomwa nayo ni wa kubuniwa.

Hoja hiyo haina nguvu, na mfano wa mbali waweza kulidhihirisha jambo hili. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu Makbeth kwa tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968. Katika tamthilia ya Shakespeare, Makbeth anamuua mfalme mzee Duncan kitandani, kisha Malcolm, mwana wa mfalme, anarudi na kuitwaa enzi ya baba yake. Historia ya Uskoti yasema vingine. Duncan hakuwa mzee, naye aliuawa vitani mwaka 1040. Makbeth alitawala miaka kumi na saba, na mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, jambo lisiloelekea kufanywa na mfalme asiye na imani na utulivu wa nchi yake. Malcolm alimuua mwaka 1057, lakini kiti kilikaliwa kwanza na Lulach, mwana wa kambo wa Makbeth, hadi mwaka 1058. Wachawi, jambia la usiku na mzimu wa Banquo havimfuti Makbeth wa kweli, kwa sababu watawa walioishi zama zake waliandika habari zake.

Kwa upande wa Liyongo hali ni ngumu zaidi, wala haifai kufichwa. Hakuna maandishi ya zama zake yaliyosalia. Edward Steere alichapisha hadithi yake pamoja na mashairi anayonasibishwa nayo katika Swahili Tales, London, mwaka 1870; utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka 1913. Nakala ya asili ya Habari za Pate inasemekana ilipotea Waingereza walipouteketeza mji wa Witu mwaka 1890. Ndiyo maana wataalamu wametofautiana kwa karne nyingi: wapo wanaomweka kabla ya mwaka 1200, na wapo wanaomsogeza hadi karibu na 1600. Uchimbaji wa James Kirkman huko Ungwana, karibu na mdomo wa mto Tana, na ule wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate, umethibitisha ukale wa miji ya eneo hilo. Miji imethibitika, mtu bado.

Basi ni heri kuzitenga tabaka za masimulizi kuliko kuyakubali au kuyakataa yote kwa pamoja. Sindano ya shaba ni ya jamii moja na kisigino cha Akile wa Wayunani. Husafiri kutoka taifa hadi taifa na haitoi ushahidi wowote. Lakini ugomvi wa Liyongo na Mringwari juu ya utawala ni wa namna nyingine. Wapo waliouona kuwa mgongano wa urithi wa upande wa mama na ule wa upande wa baba, na mgongano wa aina hiyo haukosi katika jamii ya pwani iliyokuwa ikibadilika. Kadhalika kisa cha gereza: mama anampelekea mwanawe tupa ndani ya mkate wa wishwa, mjakazi Saada ndiye mchukuzi, na kelele za ngoma ya gungu zinaficha mlio wa chuma kikikerezwa. Walinzi waliuacha mkate ule kwa sababu ulikuwa wa wishwa, chakula cha mtumwa, wakati vyakula vizuri waliviliwa wao wenyewe. Hapa hakuna mwujiza. Pana ujuzi wa nyumba, wa tabaka na wa desturi.

Na yapo mashairi. Nyimbo za gungu zinazonasibishwa naye zilihifadhiwa na waimbaji wa harusi, katika lugha ambayo hata wenyeji wa Lamu waliona tabu kuifasiri. Haimkiniki kusema zote ni zake, kwani jina kubwa huvuta nyimbo za wengine. Hata hivyo jina lazima lilikuwa kubwa kwanza ndipo livute.

Wakazi wa mitaa hiyohiyo ya Nairobi wana kielelezo cha karibu. Mtaa wa Mbotela unabeba jina la Tom Mbotela, mwana wa James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*. Ofafa ni jina la diwani Ambrose Ofafa. Wa kwanza aliuawa mwaka 1952, wa pili mwaka 1953. Hazijapita hata karne moja, na tayari kwa abiria wengi wa matatu majina hayo ni vituo tu vya kushukia. Hao wawili wana magazeti na majalada ya serikali ya kuwashuhudia. Liyongo ana nyimbo, na kaburi ambalo wenyeji wa Ozi, karibu na Kipini, husema ni lake.