Msitu wa Jozani na Mji Mkongwe wa Unguja

Mtu atokaye Mji Mkongwe kwa njia ya Paje hupita kwanza katika minazi na miembe ya upande wa magharibi, kisha, baada ya mwendo wa kilomita 35 hivi, huingia katika kivuli cha msitu wa Jozani. Wageni wengi huelezwa hapo kwamba wanauona msitu wa kale, yaani Unguja ilivyokuwa kabla haijaguswa na mkono wa binadamu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba Jozani ni msitu uliotengenezwa na historia: ulisalimika kwa sababu ya maji na mawe, ukakatwa kwa haja ya mbao, ukapandwa tena kwa amri ya serikali, na leo unaishi kwa sheria pamoja na subira ya wanavijiji wanaouzunguka.

Yafaa kuanza na ardhi yenyewe. Wakulima wa Unguja wameugawa udongo wao kwa majina: kinongo, kichanga, kinamo, uwanda, maweni. Wataalamu waliouchunguza udongo wa Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 waliyachukua majina hayo katika taarifa zao, nao walifanya vema, kwani kila jina laeleza pia kazi iwezekanayo mahali pale. Kinongo ni udongo wenye kina, na katika karne ya 19 ndio uliofyekwa misitu yake ili kupandwa mikarafuu na minazi. Upande wa mashariki na kusini kuna uwanda na maweni, ambako udongo ni haba na jiwe la matumbawe liko juu. Huko mkulima hulima kwa zamu, akafyeka, akapanda, kisha akaiacha ardhi ipumzike. Hivyo basi mpaka wa msitu uliwekwa na udongo kabla ya kuwekwa na serikali.

Jozani iko katika bonde lililo baina ya ghuba ya Chwaka kaskazini na ghuba ya Pete kusini. Maji ya ardhini hapo yako karibu sana na uso, na baada ya mvua za masika sehemu za msitu hufurika. Kwa sababu hiyo huota mitondoo, michikichi, miwale na mikadi, miti iwezayo kuvumilia maji, hali kando yake, juu ya mawe makavu, msitu ni mfupi na wenye kubanana. Kwenye ncha zote mbili za bonde, pale maji ya chumvi yaingiapo, imesimama mikoko. Ni nadra kuona hali hizi tatu zikikaribiana hivyo katika kisiwa kidogo.

Sasa tutazame mji. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Boriti nyingi zililetwa kutoka Rufiji na Lamu, nyingine zikapelekwa Uarabuni. Lakini mikoko ya kisiwani nayo ilikatwa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe, na tanuri lilihitaji kuni nyingi. Kwa hiyo mji uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 umebeba ndani ya kuta zake miti mingi ambayo haionekani.

Katika miaka ya 1930 Jozani yenyewe ilikuwa mali ya mtu binafsi, na miti yake mikubwa ilipasuliwa mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali iliununua msitu, na baadaye Idara ya Misitu ikapanda mitondoo. Mgeni asimamaye leo chini ya mtondoo mkubwa na kuusifu ukale wake, yamkini anausifu mti uliopandwa na kibarua. Mwaka 1960 msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hifadhi iliendelea, lakini miaka hiyo hiyo ulifanywa msako wa chui, walioaminiwa kuwa hufugwa na wachawi, na tangu hapo chui wa Unguja amekuwa hadithi kuliko mnyama. Sheria ya misitu ya 1996 ilivipa vijiji nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Mwaka 2004 ikaundwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya bayongahewa.

Hata hivyo, mpaka wa karatasi hauwazuii wanyama. Kima wa Unguja mwenye mgongo mwekundu, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1868 na kupewa jina la John Kirk, huitwa na wenyeji kima punju. Punju ni sumu, na jina hilo laonyesha jinsi mkulima alivyomtazama. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata kima zaidi ya 5,800, na si wachache kati yao waishio nje ya hifadhi, katika vichaka na mashamba. Wakulima walilalamika kwamba kima hula vidaka vya nazi. Utafiti wa Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba ulaji huo haukupunguza mavuno, kwani mnazi hudondosha vidaka vingi kwa tabia yake.

Lakini isidhaniwe kwamba takwimu zimeyamaliza malalamiko. Nazi si mazao pekee ya shamba, na mwenye shamba ndiye aambiwaye asifyeke, asichome mkaa, asikate boriti, hali mji ungali unahitaji mkaa na boriti. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya viingilio vya watalii imetolewa kwa wakulima na vijiji. Jambo hilo ni la haki, na halipasi kuitwa sadaka. Mji ulijengwa kwa miti, na sasa unaishi kwa wageni wanaokuja kuitazama ile iliyobaki. Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni wanadai katika hesabu hiyo, nao si waombaji.