Meno ya "Plastiki" na Dhamana ya Anayeyang'oa

 

Liko suali ambalo kina mama wa hapa Malampaka na vijiji vingine vya wilaya ya Maswa hawaachi kulileta. Mtoto wa miezi saba au minane anaharisha, ana homa, anatapika, ziwa halitaki. Jirani au bibi anamfunua kinywa, anaona ufizi umetuna pale chonge zinapotarajiwa kuota, anasema: huyu ana meno ya plastiki, mkimchelewesha atakufa. Je, inajuzu kumpeleka kwa mganga ayatoe?

Wanavyuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi tuanze na kitu chenyewe.

Mtoto ana meno ya maziwa 20. Ya kwanza hutokeza kwa kawaida karibu na mwezi wa sita, na chonge huja nyuma sana, baina ya mwezi wa 16 na wa 22 hivi. Lakini jino haliumbwi siku linapotokeza. Miezi mingi kabla ya hapo lipo ndani ya ufizi, changa, laini, jeupe, halijashika ugumu, na mahali lilipo ufizi hutuna kidogo. Uvimbe huo ni umbile, si ugonjwa. Mganga anapopasua na kukichimbua kile kijino, anamwonyesha mama kitu cheupe, laini, chenye unyevu, kisichofanana na jino lolote analolijua. "Umeona? Plastiki hii." Mama anaamini, kwani ameona kwa macho yake. Wala sisemi kwamba kila mganga ni mwongo. Wengi wao, kwa dhana yangu, wanaamini vilevile kama wateja wao.

Vifaa vinavyotumika ni spoku ya baiskeli iliyonolewa, kisu, wembe, msumari, na pengine ukucha tu. Wengine hawakati, husugua ufizi kwa dawa za miti mpaka uchubuke. Matokeo yake yanajulikana hospitalini: kuvuja damu, kuoza kwa jeraha, usaha kuingia katika damu, pepopunda, maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumika kwa mtoto mwingine, na mauti. Anayepona hubaki na pengo la chonge, na mara nyingi jino la ukubwani lililokuwa chini yake hujeruhiwa, likaota limepinda, lina kasoro, au lisiote kabisa.

Mtu atauliza: mbona wengi wanapona baada ya kutolewa? Wanapona kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto wachanga huisha kwenyewe kwa siku chache, mtoto akipewa maji ya kutosha. Anayepona husemwa kaponywa na mganga. Anayekufa husemwa kacheleweshwa. Kwa hesabu ya namna hii mganga hawezi kukosea hata siku moja.

Sasa tutazame historia, maana wapo wanaodai kwamba hii ni mila ya wazee wetu. Jina lenyewe linawakadhibisha. Plastiki na nailoni ni vitu vya karne ya 20; hakuna bibi wa bibi zetu aliyeweza kuita jino kwa jina hilo. Huko Uganda jambo hili huitwa ebiino, na mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliliandika mwaka 1969 baada ya kuliona kwa Waacholi wa kaskazini. Kwetu Tanzania, Mosha aliandika juu ya ukataji wa meno na kasoro zake mwaka 1983, na katika miaka hiyo ya themanini jina la "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni" likaenea mikoani. Hiza na Kikwilu walichapisha utafiti mwaka 1992 kuhusu watoto wa kijiji cha mbali waliokosa meno ya maziwa kwa sababu ya kuchimbuliwa, kisha wakarudi tena mwaka 1997 na utafiti mpana zaidi. Watoto wenye mapengo hayohayo wameonekana Kenya, Sudan, Ethiopia na Somalia, na madaktari wa Sweden na Israel wameyakuta katika vinywa vya watoto wa wahamiaji waliotoka pembe hii ya Afrika. Hivyo si mila ya Wasukuma, wala si ya kabila moja.

Lililo la kale kweli ni dhana iliyo nyuma yake, ya kwamba jino linaloota ndilo linaloleta homa. Hippokrati wa Wayunani aliihusisha homa, degedege na kuharisha na uotaji wa meno, na akazitaja hasa chonge! Dhana hiyo ilipita kwa matabibu wa Kiislamu pia. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H., sawa na 1350) ameieleza katika Tuhfat al-Mawdud, kwamba wakati wa kuota meno mtoto hupatwa na kutapika, homa na ukali wa tabia. Lakini angalia alichoagiza. Hakuagiza kisu. Ameagiza ufizi usuguliwe taratibu kila siku kwa siagi na samli, na mtoto alindwe na vitu vigumu mpaka meno yatimie na kupata nguvu. Ulaya wenyewe walichukua njia nyingine: Ambroise Paré katika karne ya 16 alipasua fizi za watoto, John Hunter wa Uingereza katika karne ya 18 akaendelea nayo, na katika takwimu za vifo za Uingereza za mwaka 1839 vifo zaidi ya 5,000 viliandikwa kwamba sababu yake ni kuota meno. Leo hakuna daktari anayeandika hivyo. Ni kwamba umri wa kuota meno ndio umri ambao mtoto huanza kupewa uji na maji, huanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani. Na hapo ndipo vijidudu vya kuharisha humwingia.

Tukirudi kwenye dalili za kisheria, baadhi ya wahubiri hutumia Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) inayowalaani wanaochonga meno kuyatia mwanya. Dalili hiyo ni sahihi lakini haikuwekwa mahali pake, kwani Hadithi imefunga laana kwa wanaofanya hivyo kwa ajili ya uzuri, na mama huyu hatafuti uzuri, anatafuta uhai wa mwanawe. Iliyo karibu zaidi ni Hadithi ya Ummu Qays bint Mihswan (r.a.), iliyo katika Bukhari na Muslim. Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) na mwanawe mdogo ambaye alikuwa amemkandamiza koo kwa kidole kwa sababu ya udhra, maradhi ya koo ambayo wanawake wa Madina waliyatibu hivyo mpaka damu itoke. Mtume (s.a.w.) aliwakemea kwa kuwaadhibu watoto wao kwa namna ile, na akawaelekeza kwenye udi wa kihindi. (Wanavyuoni wanasema huo ni qust, mzizi wa dawa, si udi tunaofukizia nguo.) Zingatia, ndugu msomaji: maradhi yalikuwa ya kweli, nia ya mama ilikuwa njema, na bado aina ile ya tiba ikakatazwa kwa kuwa ni adhabu kwa mtoto, na ikatajwa mbadala wake. Kama hali ni hiyo kwa maradhi yaliyopo, itakuwaje kwa maradhi yasiyokuwepo? Na mbadala wetu leo upo: ziwa la mama lisikatwe, mtoto apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti yanayotolewa zahanati, na apimwe malaria mapema.

Ama mganga mwenyewe, Mtume (s.a.w.) amehukumu, kwa mapokezi ya Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu yake ni mdhamini wa madhara. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameeleza kwamba mgonjwa akijua kuwa huyu ni mjinga kisha akamruhusu, dhamana huanguka. Waganga wakiisikia kauli hii wataifurahia! Lakini aliyeruhusu hapa si mgonjwa. Mtoto hana idhini, na idhini ya walii haipiti isipokuwa katika maslahi ya aliye chini yake. Kumchimbua jino zima si maslahi, hivyo kwa rai yangu idhini ya mzazi haimwokoi mganga, na mzazi aliyekwisha kuelezwa naye hana salama mbele ya Mola wake.

Dhamana hiyo ni kiasi gani? Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi wataikumbuka mas'ala ya mtoto ambaye meno yake ya maziwa hayajabadilika. Jino moja la mtu mzima diya yake ni ngamia watano, kama ilivyo katika waraka wa Amr bin Hazm. La mtoto halihukumiwi papo hapo, kwa sababu hutarajiwa kurudi. Husubiriwa. Lisiporudi, ikabainika kwamba pahala pa kuotea pameharibika, arshi yake inawajibika. Wanafunzi wengi huipita haraka sehemu hii, wakidhani ni mfano wa vitabuni. Chonge za ukubwani hutokeza baina ya miaka tisa na kumi na miwili. Basi aliyechimbua chonge nne za mtoto mchanga anangojewa zaidi ya miaka kumi, na zisipoota zote kwa sababu ya mkono wake, ni ngamia ishirini.

Mahakama za Tanzania Bara hazihukumu kwa ngamia. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyia mtoto mila yoyote inayomdhuru mwili au akili, na imeweka adhabu kwa anayeivunja, ajiite mganga au asijiite.