Bodi za Faiba za Purley Way

Kwenye njia panda ya Thornton Heath Pond, kusini mwa London, barabara ya kwenda Brighton inagawanyika. Tawi moja linaingia katikati ya Croydon. La pili linashika Thornton Road, na baada ya mwendo mfupi linabadilika jina kuwa Purley Way, barabara ya mchepuko iliyofunguliwa mwaka 1925 ili kupunguza msongamano mjini. Kando ya mchepuko huo kilikuwapo kiwanda cha Trojan, na katika miaka ya 1960 kilitoa magari ambayo bodi zake hazikuwa za bati. Zilikuwa za faiba, ile ile ambayo mvuvi wa Pemba au Lamu anaijua kwenye boti.

Leo mtu anayefufua gari la zamani huagiza boneti ya faiba, au madigadi, au kifuniko cha buti, akipunguza uzito na kuikimbia kutu kwa mpigo mmoja. Wengine huziona bodi hizo kuwa bandia, kana kwamba gari la kweli lazima liwe la chuma. Historia ya eneo hili inaonyesha vingine. Bodi nyepesi ni sehemu halali ya maisha ya magari hayo, na ilizaliwa kwa sababu ya uhaba kabla ya kuwa ya wapenda mwendo kasi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuma kilikuwa haba Uingereza, na serikali ilikigawa kwa mgao. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Ndiyo sababu Land Rover, iliyozinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilivishwa mabamba ya aloi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Nanyuki, Arusha na Bukavu wanaikumbuka Landrova kwa ugumu wake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ngozi yake ilikuwa nyepesi, na kwamba mwanzo wake ulikuwa kukosa chuma.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini, ilifuata kwa njia nyingine. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1930, na resini ya poliesta ikapata kazi nyingi wakati wa vita. Mwaka 1953 Chevrolet ilitoa Corvette ya kwanza, magari 300, yote yakiwa na bodi ya faiba. Uingereza, watu waliochangamkia ufundi huo zaidi walikuwa vijana wasio na fedha. Waliweza kupata Austin Seven kuukuu au Ford Popular yenye injini ya sentimita za ujazo 1,172, wakaing'oa bodi iliyooza, wakabaki na chesi, injini na magurudumu. Karakana ndogo ndogo ziliwauzia ganda la faiba, refu na la chini, wakalifunga wenyewe uani. Gari la mzee wa kijiji likageuka gari la michezo.

Ufundi wenyewe hauhitaji mashine kubwa, na hilo ndilo lililoufanya uenee. Fundi huchukua kipande cha asili kilichonyooka, akakisugua nta ili kisigande, kisha akajenga kalibu juu yake. Kalibu ikishakauka hutolewa, na ndani yake hupakwa tabaka laini litakalokuwa uso wa bodi. Hufuata mikeka ya nyuzi za kioo, inayoloweshwa resini iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, huku rola ikikandamiza kila pembe ili hewa itoke. Povu likibaki ndani, litakuja kupasuka chini ya rangi siku ya jua kali. Kwenye bawaba na komeo huzikwa vipande vya chuma au mbao, kwa sababu faiba peke yake haiwezi kushika skrubu kwa muda mrefu. Kishindo cha kufunga boneti kila siku hujaribu sehemu hizo zaidi kuliko upepo wa barabarani.

Croydon ilikuwa na mazoea ya vitu vyepesi hata kabla ya hapo. Uwanja wa ndege wa Croydon, uliokuwa lango kuu la anga la London hadi vita vilipoanza, ulikuwa kwenye Purley Way hiyo hiyo. Ni kutoka hapo, tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya barua hadi Mwanza. Trojan nayo ilijulikana kwanza kwa magari ya bei nafuu na vigari vya mizigo. Kampuni ya chai ya Brooke Bond, ambayo jina lake wakulima wa Kericho wanalijua vizuri, ilisambazia chai yake Uingereza kwa vigari vyekundu vya Trojan.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Trojan ilikuwa chini ya Peter Agg, mwagizaji wa pikipiki za Lambretta. Mwaka 1962 ilichukua utengenezaji wa Elva Courier, gari dogo la michezo ambalo Frank Nichols alilianzisha Sussex mwaka 1958: chesi ya mabomba, injini ya MGA, bodi ya faiba. Kisha Bruce McLaren, dereva kutoka New Zealand, alipohitaji mtu wa kuwatengenezea wateja magari yake ya mashindano, kazi ikaja kwa Agg. McLaren-Elva M1A ilikuwa na injini kubwa ya V8 ya Kimarekani nyuma ya dereva na bodi ya faiba iliyoweza kufunuliwa mbele na nyuma. Elvis Presley aliendesha moja katika filamu ya Spinout ya mwaka 1966.

Sifa hiyo ya bodi kufunuka ina upande wa msiba. Tarehe 2 Juni 1970, McLaren alikuwa akiijaribu M8D ya timu yake mwenyewe katika uwanja wa Goodwood. Sehemu ya nyuma ya bodi ilichomoka gari likiwa kwenye kasi kubwa, gari likapoteza mgandamizo wa hewa na kugonga. Alifariki akiwa na miaka 32. Kila anayefunga boneti nyepesi kwenye gari la zamani anapaswa kulijua tukio hilo kabla ya kuchagua komeo: kipande chepesi hubebwa na upepo haraka kuliko bati zito, na pini mbili za pembeni mara nyingi hazitoshi.

Afrika Mashariki iliupa wepesi mtihani tofauti. Katika Safari Rally ya 1963, magari 84 yalianza na 7 tu yakafika. Miaka ya 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, wakiwa na Peugeot 404, gari la familia lenye bodi ya chuma. Kwenye matope na makorongo yale, kilo zilizopunguzwa kwenye mlango hazikusaidia kitu kama springi za magurudumu zilivunjika. Hata Porsche 911, gari la michezo, ilikaribia mara kadhaa bila kushinda, ingawa mwaka 2011 Björn Waldegård, akiwa na miaka 68, aliishinda Safari ya magari ya kale akiendesha 911.

Leo wanaotengeneza vipande vya kubadilisha wanapambana na jambo ambalo mnunuzi halioni kwenye picha. Magari mengi ya zamani yalinyooshwa kwa mkono, na upande wa kushoto haukulingana kamili na wa kulia. Boneti iliyotoka kwenye kalibu ya gari moja inaweza kuacha mwanya wa kidole kwenye gari la pili la aina ile ile. Jaguar ilikutana na hali hiyo ilipoamua, mwaka 2014, kujenga E-type sita za alumini ili kukamilisha mfululizo wa 18 ambao miaka ya 1963 na 1964 uliishia kwenye gari la 12. Magari hayo yalikuwa mepesi kwa takriban kilo 114 kuliko E-type ya kawaida. Wahandisi walipima bodi ya zamani kwa skana, wakachukua nusu moja, wakaigeuza ili iwe kipimo cha nusu ya pili. Fundi wa karakana ndogo hana skana hiyo. Yeye huacha ukingo mrefu kidogo, huijaribu boneti juu ya gari lenyewe, na huisugua kwa msasa mpaka mwanya uwe sawa pande zote mbili.