Deki ya Mtumba kwa Kanda za Zamani

Mwaka 1963, Philips walipoionyesha kaseti kwenye maonyesho ya redio jijini Berlin, hesabu yao haikuwa muziki. Timu ya mhandisi Lou Ottens, huko Hasselt nchini Ubelgiji, ilitafuta kinasa sauti cha kubebeka. Utepe usiofika upana wa milimita 4, unaotembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, nani angedhani utaitoa jasho santuri?

Mombasa uliitoa. Mji huo ulikuwa na santuri zake, zikiwemo za chapa ya Mzuri za Assanand & Sons, lakini kufikia miaka ya 1980 taarab ilikuwa imehamia kwenye kanda. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, lilijulikana kwa kanda hizo. Mashabiki wa Juma Bhalo na Maulidi Juma walipata hata nyimbo zilizorekodiwa harusini, vigelegele vikiwa humo humo.

Tanzania mambo yalikuwa magumu zaidi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, ila santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ukafungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Mwenye redio kaseti alisubiri kipindi, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akiomba mtangazaji asiudakie wimbo katikati.

Kisha zikaja deki za kaseti mbili. Uingereza, Amstrad waliitangaza ya kwao kwa kujisifia kunakili haraka. Kampuni za muziki zikawashtaki, na mwaka 1988 Baraza la Mabwana likawapa Amstrad ushindi. Huku kwetu hakuna aliyengoja hukumu. Vibanda vya kurekodi vilipokea orodha ya mteja na kumjazia C60 au C90.

Kanda hizo ndizo zinazotafutiwa deki leo, na asili yake ndiyo iongoze mkono wa mnunuzi. Nyingi ni za kawaida kabisa, zilizonakiliwa bila Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe. Kuongeza pesa kwa ajili ya Dolby C ni kuzitupa. Tena ukiiwasha Dolby kwenye kanda isiyo nayo, mwimbaji husikika kama yuko chini ya blanketi. Nakamichi Dragon ya 1982, inayojirekebishia hedi yenyewe, waachiwe matajiri. Technics, Sony au Yamaha ya kawaida ya miaka ile, ikiwa nzima, inatosha, na huzishinda mashine mpya za bei rahisi, ambazo nyingi hutumia nakala za mtambo uleule wa Tanashin ya Japani.

Adui wa deki kuukuu ni mpira. Belti hulegea, au huyeyuka ikawa lami inayonata vidoleni, mota ikazunguka bure. Deki ambayo taa zinawaka lakini kanda haitembei huenda ikauzwa kwa bei ya kutupa, kumbe inadai belti tu na spiriti ya kusafishia hedi. Hedi iliyolika ni habari nyingine: pitisha ukucha taratibu, na ukikwama kwenye mfereji, mrudishie muuzaji mashine yake.

Kwa majaribio dukani ichukuliwe kanda isiyo na thamani, na kamwe isiwe C120. Utepe wake ni mwembamba mno. Ndio wa kwanza kuliwa.